Mbio ndefu za kwanza baada ya matibabu ya saratani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya watu waliomaliza matibabu ya saratani, au wanaokaribia kumaliza, na sasa wanawaza kujiandikisha mbio ndefu kwa mara ya kwanza maishani. Majibu hayachukui nafasi ya daktari anayelijua faili lako. Kazi ya majibu haya ni kukufikisha kwa daktari huyo ukiwa unajua cha kumuuliza.

## Ya msingi

1. Mtu aliyetibiwa saratani anaweza kweli kukimbia mbio ndefu?

Wengi wanaweza, na wengi wamekimbia. Tatizo ni kwamba swali lenyewe ni pana mno. Aliyekatwa uvimbe mdogo wa ngozi na aliyepandikizwa uboho wote huitwa "waliotibiwa saratani", lakini miili yao haifanani hata kidogo. Cha kujua ni kwamba ulipewa dawa zipi na kwa kiasi gani, mionzi ilipita wapi, na upasuaji uliondoa nini. Hayo yana uzito kuliko jina la saratani yenyewe. Ndiyo maana mwenzako mliyelazwa naye wodi moja anaweza kuruhusiwa kilomita 21, wewe ukaambiwa uanze kwa kutembea.

2. Kujichosha namna hiyo hakutairudisha saratani?

Hakuna ushahidi kwamba mazoezi huirudisha. Ushahidi uliopo unaelekea upande wa pili. Mwaka 2025 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti unaoitwa CHALLENGE, uliofanywa kwa wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana waliokuwa wamemaliza upasuaji na kemo (tiba ya saratani kwa dawa). Kundi moja lilipewa mpango wa mazoezi wenye msimamizi kwa miaka 3, jingine likapewa maelezo ya kusoma kuhusu afya. Baada ya miaka 5, waliokuwa hai bila saratani kurudi walikuwa takriban 80 katika kila 100 kwenye kundi la mazoezi, na 74 katika kila 100 kwenye kundi la pili.

Lakini usisome matokeo hayo kama kibali cha marathoni. Wengi wa washiriki wale walikuwa wakitembea kwa kasi, si kukimbia saa 4 mfululizo, na kundi la mazoezi liliumia misuli na viungo zaidi kuliko jingine. Kilichothibitishwa ni faida ya kujishughulisha mara kwa mara. Mbio ndefu ni jambo unaloliongeza juu yake kwa hiari yako, na lina gharama zake.

3. Mbio ndefu ni kilomita ngapi hasa?

Marathoni ni kilomita 42.195 na nusu marathoni ni 21.0975. Kwa mtu aliyetoka kwenye matibabu na hajawahi kushindana, kilomita 10 tayari ni mbio ndefu, na ukiniuliza mimi, hapo ndipo pa kuanzia. Nusu marathoni ni lengo zuri la pili.

Marathoni kamili iache. Si kwamba haiwezekani. Mnamo kilomita ya 30 hivi, sukari ambayo mwili umeihifadhi kwenye misuli na ini huwa imepungua sana, na kutoka hapo mwili unajiendesha kwa shida. Hata mwenye afya tele huchukua wiki kadhaa kurudi sawa. Tena maandalizi yake yanadai mazoezi ya saa 2 hadi 3 kwa mkupuo, wiki baada ya wiki, na mwili unaojijenga upya mara nyingi huangushwa na maandalizi hayo kabla hata siku ya mbio haijafika.

4. Nisubiri muda gani baada ya dozi ya mwisho?

Kutembea hakuhitaji kusubiri. Wengi hutembea hata katikati ya kemo, kama daktari hajakataza. Kukimbia ni habari nyingine. Kidonda cha upasuaji wa tumbo au kifua kwa kawaida kinahitaji wiki 6 au zaidi kabla ya kubeba mtikisiko, na ni daktari wa upasuaji anayesema lini. Baada ya kemo, chembe za damu huchukua wiki kadhaa kupanda. Mionzi nayo ina ujanja wake: uchovu na ukali wa ngozi unaweza kuzidi wiki moja au mbili baada ya kumaliza, wakati ambapo kila mtu anakupongeza kwa kupona.

Kuanza mazoezi ni jambo moja, kushiriki mbio ni jingine. Muda wa maandalizi uko kwenye swali la 15.

5. Sijawahi kukimbia hata kabla ya kuugua. Si nimechelewa?

Pengine una nafuu kuliko unavyodhani. Wanaoumia kirahisi ni wale waliokuwa wakimbiaji. Miguu yao inakumbuka kasi ya zamani, moyo na mifupa haiko tena pale, nao wanaifukuzia ile rekodi waliyoiweka miaka mitatu iliyopita. Wewe huna rekodi ya kuifukuzia.

Anza kwa kutembea dakika 30, mara 3 au 4 kwa wiki, mpaka ikuchoshe kidogo tu. Ndipo uingize dakika moja ya mchakamchaka kila baada ya dakika nne za kutembea.

## Daktari na vipimo

6. Daktari ameniambia tu "fanya mazoezi, ila usijichoshe". Hiyo ni ruhusa?

Hapana, hiyo ni nasaha njema isiyo na vipimo ndani yake. Amejibu hivyo kwa sababu yawezekana umemuuliza hivyo: "Daktari, naweza kufanya mazoezi?" Mpe jambo la kulipima. Mwambie: "Nataka kukimbia kilomita 10 mwezi fulani. Nitakuwa nakimbia mara 3 kwa wiki, na zoezi refu litafika saa moja na nusu. Katika matibabu niliyopata, kuna kitu kinachonizuia?"

Kisha omba muhtasari wa matibabu yako kwa maandishi: majina ya dawa, jumla ya dozi, sehemu iliyopigwa mionzi, tarehe. Upige picha ukae kwenye simu. Uliza ni dalili ipi ikitokea upige simu siku hiyohiyo. Uliza pia kama yuko tayari kukupeleka kwa daktari wa moyo au mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), maana daktari wa saratani anaijua saratani, si lazima aijue mbio.

7. Ni matibabu gani yanayogusa moyo na mapafu?

Ya kwanza kuulizia ni kundi la doxorubicin na epirubicin. Wengi huikumbuka doxorubicin kwa rangi yake: nyekundu, na mkojo hugeuka mwekundu baada ya kuipata. Dawa hizi zinaweza kudhoofisha msuli wa moyo, hatari hupanda kadiri jumla ya dozi inavyopanda, na udhaifu unaweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Kwa hiyo hata aliyetibiwa utotoni, leo ana miaka 30 na anajisikia mzima kama chuma, swali hili ni lake.

Trastuzumab, dawa ya baadhi ya saratani za matiti, nayo inaweza kupunguza nguvu ya moyo, ingawa mara nyingi moyo hurudi dawa ikisimamishwa. Mionzi ya kifua, hasa upande wa kushoto, inaweza kuathiri mishipa na vali za moyo baada ya miaka. Bleomycin, inayotumika kwenye saratani ya korodani na baadhi ya limfoma (saratani za mfumo wa limfu), inajulikana kwa kuumiza mapafu. Dawa za kinga za kisasa kama pembrolizumab na nivolumab, zinazoamsha kinga ya mwili dhidi ya saratani, kwa nadra huchochea uvimbe wa msuli wa moyo au uvimbe wa mapafu, na mara nyingi zaidi huvuruga tezi ya thairoidi iliyo shingoni.

Kama jina lolote hapo limo kwenye muhtasari wako, usijiandikishe popote kabla ya swali la 8.

8. Nifanyiwe vipimo gani?

Hakuna orodha moja ya wote. Picha kamili ya damu inamfaa karibu kila mtu, kwa sababu upungufu wa damu huiga mambo mengi: unadhani huna pumzi kwa kukosa mazoezi, kumbe himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, iko chini. Aliyepata dawa au mionzi ya kugusa moyo anahitaji ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), na daktari anaweza kutaka akimbie kwenye mashine huku moyo ukiangaliwa. Aliyepigwa mionzi shingoni au kupewa dawa za kinga apimwe thairoidi. Mifupa iko swali la 12.

Eko nzuri uliyofanyiwa kabla ya kemo haihesabiki. Inayotakiwa ni ya baada.

9. Daktari amekataa. Nifanyeje?

Uliza kwa nini, na hadi lini. "Hapana" yenye sababu, kwa mfano moyo unasukuma damu chini ya kiwango au kuna doa kwenye mfupa wa paja, ni "hapana" ya kuheshimu. Kuna nyingine inayotokana na mazoea, kwa kuwa kwa miaka mingi wagonjwa wa saratani walihimizwa kupumzika tu. Hiyo unaweza kuijadili, na kutafuta maoni ya daktari wa pili ni haki yako. Ila ukishafika kwa wa nne ukitafuta anayekubali, jua hutafuti tena ushauri.

## Mwili ulivyobadilika

10. Nachoka hata kwa kupanda ngazi. Ni uvivu?

Si uvivu. Uchovu wa saratani ni tofauti na uchovu wa kazi kwa jambo moja kubwa: usingizi hauumalizi. Unaweza kulala saa 9 ukaamka umechoka vilevile, na hali hiyo inaweza kuendelea miezi kadhaa baada ya matibabu, kwa wengine miaka.

Jambo linalowashangaza watu ni kwamba mazoezi mepesi yenye ratiba ni miongoni mwa tiba zake bora. Mwongozo wa kimataifa wa wataalamu uliotolewa mwaka 2019 ulitaja kiasi chenyewe: dakika 30 za mazoezi ya wastani mara 3 kwa wiki, na mazoezi ya kujenga misuli mara 2. Hiyo ndiyo dozi ya kuanzia, na iko mbali sana na maandalizi ya marathoni.

Kipimo kizuri ni asubuhi ya kesho. Kama umechoka jioni lakini asubuhi umeamka kama kawaida, kiasi kilikuwa sawa. Kama siku mbili zinapita hujainuka, punguza nusu. Na kabla ya kuulaumu uchovu wa saratani, hakikisha si damu, thairoidi, usingizi mbovu au sonona. Hizo zote zina tiba yake.

11. Nyayo zangu zina ganzi tangu kemo. Naweza kukimbia?

Mara nyingi ndiyo, kwa masharti, na masharti yenyewe si madogo. Ganzi hii hutokana na neva za pembeni kuumizwa na dawa kama paclitaxel, cisplatin, oxaliplatin na vincristine. Kwa zile za jamii ya platini inaweza hata kuzidi kwa miezi michache baada ya dozi ya mwisho kabla ya kuanza kupungua. Kwa wengine hubaki kiasi fulani maisha yote.

Hatari ya kwanza ni kuanguka, kwa sababu mguu haukuambii umekanyaga wapi. Hatari ya pili ni ya kimyakimya. Kijiwe kidogo kinaingia kiatuni kilomita ya pili. Mwenye neva nzima atasimama kukitoa. Wewe unamaliza kilomita 8, unavua kiatu nyumbani, unakuta soksi imelowa damu na wala hukusikia kitu. Kwa hiyo baada ya kila zoezi vua soksi, angalia nyayo kwa macho na uzipapase kwa mikono, katikati ya vidole pia. Kung'uta viatu kabla ya kuvivaa. Kimbia mchana, barabara tambarare, na mashine ya kukimbilia iache mpaka uwe na uhakika na hatua zako. Fanya zoezi la kusimama kwa mguu mmoja ukiwa umeshika ukuta, kila siku. Linaonekana la kitoto lakini linasaidia.

Kama ganzi iko hata vidoleni mwa mikono, utaigundua asubuhi ya mbio unapojaribu kubandika namba kifuani kwa zile pini nne ndogo. Mwombe mtu akubandikie, na funga kamba za viatu fundo mara mbili.

12. Mifupa yangu itastahimili?

Inategemea umepitia nini. Dawa za kuzuia homoni kwa saratani ya tezi dume, vidonge vya anastrozole, letrozole na exemestane kwa saratani ya matiti, hedhi kukoma mapema kwa sababu ya matibabu, na steroidi za muda mrefu zote hupunguza uzito wa mifupa. Kipimo chake kinaitwa DEXA. Hakiumi wala hakichukui muda mrefu. Kikionyesha mifupa imepungua kidogo, mchakamchaka wa taratibu na mazoezi ya nguvu vinaweza kuwa sehemu ya tiba. Ikiwa imepungua sana, mpango unabadilika.

Maumivu mawili usiyapuuze. La kwanza ni la mahali pamoja unapoweza kuonyesha kwa kidole, linalozidi ukikimbia na kubaki usiku, maana huenda mfupa una ufa. La pili ni la kinena kila ukikanyaga, kwa mtu aliyetumia steroidi kama dexamethasone au prednisolone kwa wingi: kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kimekosa damu. Hapo acha kukimbia siku hiyohiyo mpaka upigwe picha.

Kukakamaa kwa viungo asubuhi kwa wanaomeza anastrozole na wenzake ni jambo tofauti. Linakera, lakini kwa kawaida hulegea ukianza kutembea.

13. Niliondolewa tezi za kwapani. Kukimbia hakutaufanya mkono uvimbe?

Hofu hii ilikuwa kubwa zamani, wanawake wakikatazwa hata kubeba mfuko. Mwaka 2009 utafiti ulioongozwa na Kathryn Schmitz nchini Marekani uliwafuatilia wanawake 141 waliokuwa tayari na uvimbe wa limfu, yaani mkono kujaa maji ya limfu, baada ya saratani ya matiti. Walionyanyua vyuma kwa kuongeza uzito pole pole hawakuvimba zaidi, na vipindi vya uvimbe kupanda vilipungua.

Kwa hiyo kimbia, ukiwa umevaa soksi ya mkono ya kubana kama umepewa. Saa ivae mkono mwingine, pete ziache, na kunja na kukunjua ngumi mara kwa mara njiani. Uvimbe wa mguu baada ya upasuaji wa nyonga unahitaji tahadhari zaidi, kwa sababu mguu ndio unaobeba kazi yote. Hapo usianze bila mtaalamu wa fiziotherapia.

14. Nina mfuko wa stoma (tundu la tumboni la kutolea choo), au utumbo wangu haunipi nafasi ya kusubiri. Itakuwaje barabarani?

Wapo wanaokimbia marathoni na stoma. Misuli ya tumbo ijengwe kwanza ili kuzuia henia, mfuko umwagwe kabla ya kuanza, na mkanda wa kuushikilia ujaribiwe kwenye mazoezi marefu, si siku ya mbio. Wenye stoma ya utumbo mwembamba hupoteza maji na chumvi haraka, hivyo maji matupu hayatoshi. Watumie mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini.

Kwa waliopigwa mionzi ya nyonga na wanaoshikwa na haja ghafla, ramani ya vyoo vya njiani ina thamani kuliko ramani ya vilima. Waandaaji wengi huitoa ukiomba.

## Mazoezi

15. Maandalizi yachukue muda gani?

Makadirio yangu, kuanzia siku unapoweza kutembea dakika 30 bila taabu: miezi 3 hadi 4 kwa kilomita 10, miezi 6 hadi 8 kwa nusu marathoni, zaidi ya mwaka kwa marathoni. Ni marefu kuliko mipango ya wiki 12 au 16 unayoikuta kila mahali, kwa sababu mipango ile imeandikwa kwa mtu asiye na miadi ya hospitali.

Kila wiki ya nne punguza. Wiki iliyopotea kwa homa au vipimo imepotea. Usiilipe kwa kukimbia mara mbili wiki inayofuata. Siku mbili za mazoezi ya nguvu zisiondolewe ratiba ikibana. Ondoa siku ya kukimbia.

16. Kutembea katikati ya mbio si kushindwa?

Hapana. Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya 1972, amewafundisha watu wengi sana kuchanganya kukimbia na kutembea kwa makusudi, tangu kilomita ya kwanza, kabla miguu haijachoka.

Kuhusu kasi, mkumbuke Fred Lebow, mwanzilishi wa New York City Marathon. Mwaka 1990 aligunduliwa na saratani ya ubongo. Mwaka 1992 aliikimbia mbio yake akiwa na Grete Waitz wa Norway, mwanamke aliyekuwa ameishinda mara 9, ambaye siku hiyo alijishusha kwenye mwendo wa rafiki yake. Walimaliza kwa saa 5 na dakika 32. Lebow alifariki mwaka 1994. Alikuwa mkimbiaji wa miaka mingi, hivyo usimchukue kama kielelezo cha anayeanza. Mchukue kama kielelezo cha mwendo.

17. Saa yangu inaonyesha mapigo ya moyo ya juu sana. Niiamini?

Iamini kwa kiasi. Mwili uliokaa muda mrefu bila mazoezi, upungufu wa damu na baadhi ya matibabu hupandisha mapigo. Dawa za moyo na shinikizo la damu za jamii ya beta bloka huyashusha, na hapo saa itakuambia uko mapumzikoni wakati unahema. Tumia maneno yako: ukiweza kuzungumza sentensi nzima, mwendo ni sawa. Ukiweza neno mojamoja tu, tembea. Mapigo yanayopanda ghafla ukiwa umekaa, au yanayorukaruka bila mpangilio, ni ya kumwonyesha daktari.

## Kuamua

18. Nataka kukimbia ili nijithibitishie kwamba nimepona. Hiyo si sababu nzuri?

Ni sababu inayoeleweka, na ndiyo inayonipa wasiwasi kuliko zote. Mbio haipimi saratani. Mtu anaweza kumaliza kilomita 21 akiwa na ugonjwa, na mwingine akashindwa kilomita 5 akiwa msafi kabisa kwenye vipimo. Aliyeifanya mbio kuwa hukumu hataweza kujitoa hata goti likipasuka, na akijitoa atalala akiamini ugonjwa umerudi.

Jiulize hivi: kama mbio ingeahirishwa leo, ungeendelea kufanya mazoezi wiki ijayo? Ukijibu ndiyo, jiandikishe. Ukijibu hapana, endelea na mazoezi kwanza, na swali la mbio liache miezi mitatu.

19. Mwenzangu na watoto hawataki kusikia habari hii.

Wamekuona ukibebwa. Ukiwaambia "daktari ameruhusu" haitoshi, kwa sababu hawakuwepo chumbani. Nenda na mwenzako kwenye miadi inayofuata, aulize mwenyewe. Halafu mpe jukumu halisi: asubiri kwenye kilomita fulani, na awe na neno la mwisho akiona hali yako si sawa. Wengi hulainika wakishapewa uwezo wa kusimamisha jambo.

20. Nichague mbio ya tarehe gani?

Fungua kalenda ya hospitali kabla ya kalenda ya mbio. Usiweke mbio ndani ya wiki mbili za kipimo cha ufuatiliaji, kabla au baada. Mbio ikiwa kabla ya kipimo, hutalala, au misuli iliyochoka ikaharibu vipimo vya damu; ikiwa baada, majibu yanaweza kukuondoa kwenye mstari. Mazoezi makali hupandisha baadhi ya vimeng'enya vinavyosomwa kama dalili ya tatizo la ini.

Angalia pia joto la msimu na muda wa mwisho wa kumaliza. Marathoni nyingi kubwa hufunga njia saa 6 hadi 8 baada ya kuanza, na nusu marathoni zina mipaka yake. Na kabla ya kulipa, soma kama unaweza kuahirisha nafasi yako kwa sababu za kiafya. Pasiporuhusiwa, ada hiyo itakusukuma kukimbia siku usiyopaswa.

21. Nikimbie kwa kuchangisha fedha?

Ukiwa na uhakika wa kufika mstari wa kuanza, sawa. Michango inaongeza watu wa kuwajibu ukitaka kujitoa. Wengi humtaja Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekatwa mguu kwa saratani ya mfupa na mwaka 1980 akakimbia siku 143, kilomita 5,373, kuchangia utafiti. Husahau kwamba alijiandaa kwa zaidi ya mwaka. Matembezi na mbio za jina lake, zilizoanza 1981, hazina washindi. Kwa mara ya kwanza, tukio la aina hiyo linafaa.

22. Niwaambie waandaaji hali yangu?

Ndiyo, kwa kifupi. Jaza sehemu ya taarifa za afya, na nyuma ya namba yako andika dawa unazotumia, mzio wako na simu ya mtu wa karibu. Mhudumu akikukuta umeketi kando ya barabara, hapo ndipo atakapotazama kwanza.

## Hali za pembeni

23. Saratani yangu imesambaa, lakini dawa zinaishikilia na najisikia vizuri.

Wapo wanaokimbia katika hali hii. Swali la kwanza ni kama imefika kwenye mifupa. Ikiwa iko kwenye uti wa mgongo, nyonga au paja, mtikisiko wa kukimbia unaweza kuuvunja mfupa, na kutembea au baiskeli isiyohama huwa ndiyo njia. Ikiwa haiko huko, uamuzi unategemea dawa na damu, na mpango uwe wa wiki kwa wiki, si wa miezi.

24. Bado nina poti (kifaa kidogo cha kupitishia dawa) kifuani, au mrija mkononi.

Poti iliyopona chini ya ngozi kwa kawaida haizuii kukimbia. Angalia tu mkanda wa begi au sidiria isiisugue. Mrija unaotokeza nje ya mkono unaweza kuchomoka na kuingiwa na vijidudu kwa jasho. Tembea, na mbio zisubiri utolewe.

25. Ni kweli dawa zangu zimepigwa marufuku michezoni?

Huenda. Tamoxifen, anastrozole, letrozole na exemestane zimo wakati wote kwenye orodha ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, sawa na sindano za erithropoietini za kuongeza damu. Steroidi za kumeza zimekatazwa wakati wa mashindano. Mkimbiaji wa kawaida ni nadra kupimwa, lakini mbio zilizo chini ya mashirikisho zina kanuni hizo. Usiache dawa kwa ajili hiyo hata siku moja! Kuna kibali cha matumizi ya tiba. Waulize waandaaji au shirika la nchi yako la kupambana na dawa hizo, na ubaki na barua ya daktari.

26. Nimeze dawa ya maumivu kabla ya kuanza?

Usimeze ibuprofen wala diclofenac. Mwili ukikauka maji, dawa hizi huziumiza figo, na aliyepata cisplatin au aliyebaki na figo moja hana akiba ya kuchezea. Tena zinaficha yale maumivu ya swali la 12. Kuhusu maji, kunywa unaposikia kiu. Kujijaza kila kituo hushusha sodiamu kwenye damu, na hilo limewaua wakimbiaji wazima.

27. Ni dalili gani zinanitoa njiani?

Maumivu au mkazo wa kifua, pumzi isiyorudi hata ukitembea dakika kadhaa, kizunguzungu au kutaka kuzimia, mapigo yanayorukaruka, kuchanganyikiwa, udhaifu wa upande mmoja. Hapo unasimama na kuomba msaada, hujikokoti mpaka kituo kinachofuata. Kigimbi cha mguu mmoja kikivimba na kuuma, hasa kwa anayetumia tamoxifen au aliyesafiri safari ndefu kufika kwenye mbio, fikiria damu iliyoganda na uende hospitali leo. Homa ya usiku wa kuamkia mbio nayo inakubakiza nyumbani. Usife na tai shingoni kwa sababu ya medali.

28. Nilijitoa katikati. Nirudi lini?

Kama ulijitoa kwa dalili za swali la 27, rudi kwa daktari kwanza na ratiba isubiri jibu lake. Kama ni uchovu wa kawaida, miguu au joto, pumzika wiki moja ukitembea tu, kisha rudi kwenye kiwango cha mwezi mmoja nyuma. Mbio inayofuata iwe fupi kuliko uliyoiacha, na isiwe chini ya wiki 6 baadaye. Mwambie pia daktari wa saratani kwenye miadi ijayo, hata kama unaona aibu, na umpe kilomita uliyoishia.